Sentensi Iliyokosa Nafasi Kibaoni

Mtaa mzima ulimwita Marufuku, na wala hakuudhika. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho na huko ndiko lilikobaki. Mtu ukiandika vibao kwa miaka thelathini na moja, MARUFUKU KUPITA, MARUFUKU KUTUPA TAKA, MARUFUKU KUKOJOA HAPA, watu wataacha kukuona wewe na wataanza kuona kibao chenye miguu.

Hakuwa mwoga, tusimsingizie. Alipanda ngazi ambazo wewe na mimi tusingeziegemea hata kwa picha. Shida yake ilikuwa moja: alitii. Alitii kila kitu, na alianza zamani, maana alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto tisa. Mtoto wa tisa hana kauli. Alitumwa maji na wa kwanza, njiani akaitwa na wa tatu, akarudishwa na wa tano, na jioni akagombezwa na wa nane, ambaye naye alikuwa amengoja miaka kadhaa kupata mtu wa kumgombeza. Mama yao alipenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa katika nyumba ile wakuu walikuwa kumi, ukihesabu na wazazi, na miguu aliyokuwa nayo ni miwili tu. Akaamua kumtii yeyote aliyesema mwisho, na maisha yakawa nafuu kidogo.

Alipopelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa vibao, mzee aliyenuka mafuta ya taa hadi kwenye nyusi, aliambiwa jambo lililomfurahisha kuliko chakula. "Watu hubishana," fundi alisema. "Kibao hakibishani. Kikisema asubuhi, jioni kinasema vilevile." Kwa mtoto wa tisa hiyo ilikuwa pepo. Mkuu asiyepiga kelele, asiyebadili maneno, asiyekutuma dukani mara mbili! Tangu siku hiyo alivipenda vibao, na akavitii vyote, hata vile alivyoviandika mwenyewe.

Siku moja alikwenda posta akakuta kibao kidogo sakafuni, SUBIRI HAPA. Akasubiri. Karani alikuwa dirishani, mikono kifuani, hana mteja hata mmoja. Walitazamana kwa saa moja na robo. Kumbe kibao kilisahauliwa na mafundi waliokuja kupaka ukuta rangi mwezi uliopita. "Sasa mbona hukuniita?" Marufuku alimuuliza. "Nilidhani unapumzika, mzee," karani akajibu.

Kilichowachekesha watu zaidi ni kichochoro cha nyuma ya karakana yake. Ndiyo njia fupi ya kutokea barabara kubwa. Hatua mia na umefika. Mwaka fulani mwenye kiwanda cha barafu alimwagiza kibao cha USIPITE HAPA, kisha akafunga kiwanda na kutoweka bila kukichukua. Marufuku akakiegemeza mdomoni mwa kichochoro, upande wa barabara kubwa, chini ya bati, kisinyeshewe. Basi. Kesho yake watu wakaanza kuzunguka kupitia nyumbani kwa mwashi wa mtaa, njia ya dakika kumi na tano. Juma halikuisha na yeye mwenyewe akawa anazunguka.

"Lakini wewe ndiye uliyekiweka hapo!" mkewe alimwambia.

"Najua, mama watoto. Ila kimeandikwa."

"Aa, kumbe! Mimi nimeolewa na ubao."

Huyo mkewe sasa. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, na mtaa ulimwita Nani-Kasema kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila amri chini ya jua. Alikata bustani ya manispaa katikati, juu ya majani, mlinzi akamkimbilia akipiga filimbi. "Hairuhusiwi!" "Nani kasema?" "Mkuu wa bustani." "Yuko wapi?" "Yuko likizo." "Basi akirudi mwambie nimepita, na majani yake hayajambo." Akaenda zake, mlinzi amebaki na filimbi mdomoni.

Usidhani alikuwa mkaidi tu. Mpe sababu uone. Mwuza dawa alipomweleza kwa nini vidonge fulani humezwa baada ya kula na si kabla, alivimeza hivyo kwa siku kumi, kwa dakika, na akamwamsha mumewe naye ashuhudie. Kichochoroni alipita kila siku, kapu mkononi, akikisalimu kile kibao kwa dharau. "Hujambo, barafu?"

Na kulikuwa na picha. Miaka kumi na tisa nyuma, hospitali ya mtaa ilimpa Marufuku kazi ya kibao kikubwa cha langoni. Alikiandika vizuri, na chini akachora muuguzi mwenye sare nyeupe, kidole mdomoni, akiwaomba watu wanyamaze. Kwa kuwa hakumjua muuguzi yeyote, alimkalisha mkewe kwenye stuli, kidole mdomoni, kwa nusu saa nzima. Ndiyo nusu saa pekee ya kimya katika ndoa yao, na Marufuku aliikumbuka kama wengine wanavyokumbuka harusi. Watu walimsifu. Hata leo akipita mbele ya lango lile hupunguza mwendo amtazame.

Hayo yote ni ili uelewe aliyoyapata Jumatano ile.

Jumanne mchana mkewe alishikwa na tumbo akiwa kwenye cherehani. Si tumbo la kusema litapita. Alianguka chini akakunja magoti. Binti yao mkubwa, aliyekuja kumtembelea, akamkimbiza hospitali. Marufuku alikuwa juu ya ngazi upande wa pili wa mji na simu ameifungia kwenye sanduku la brashi, kwa kuwa kazini palikuwa na kibao cha kukataza simu. Alipopata habari, jioni ilikuwa imeingia. Alirudi mbio, akatupa sanduku karakanani, akafika kwenye kichochoro, akakumbuka kibao kilicho upande wa pili, akasimama. USIPITE HAPA. Niamini ninapokuambia kwamba mtu huyu, mkewe yuko hospitali, alizunguka kwa mwashi.

Alifika langoni saa kumi na moja na dakika tano. Bawabu, mtu wa makamo mwenye kofia iliyopigwa pasi kuliko suruali, alimwonyesha kibao kwa kidevu tu. SAA ZA KUONA WAGONJWA: SAA 10 HADI SAA 11 JIONI. NJE YA SAA HIZO NI MARUFUKU. Binti alikuwa ametolewa naye, yuko nje anafuta macho. Alimweleza baba yake kwamba ni kidole tumbo, kwamba mama atapasuliwa asubuhi, na kwamba yeye lazima arudi kwake kwa mtoto anayenyonya. Marufuku alikitazama kibao. Kilikuwa kazi yake. Akatii, akarudi nyumbani, na usingizi haukumjia.

Alfajiri simu ikalia.

"Baba watoto."

"Naam! Unaendeleaje?"

"Saa tatu wananiingiza chumba cha upasuaji. Njoo kabla sijaingia."

"Wamekwambia nini?"

"Wameniambia nisile, sijala. Wameniambia nivue pete, nimevua. Nimeambiwa nilale tu, nimelala." Sauti ikashuka. "Ninaogopa hiyo sindano ya kulala. Nisipoamka je? Njoo nikuone."

Simu ikakatika. Marufuku alibaki ameishika. Amri tatu, na hakuuliza nani kasema hata mara moja! Miaka ishirini na minane ya ndoa alikuwa akiomba moyoni mwanamke huyu atii kitu kimoja tu bila maneno, na sasa ametii vitatu, na yeye amepatwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata juu ya ngazi yoyote.

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa langoni.

"Saa kumi jioni, mzee," bawabu akasema.

"Mke wangu anapasuliwa saa tatu, ndugu yangu. Dakika mbili tu. Nimwone uso, nitoke."

"Pole sana. Saa kumi jioni."

Hapo ndipo kikamtoka kitu ambacho hakijawahi kumtoka tangu azaliwe wa tisa. Kilimtoka kwa sauti nyembamba, kama ya mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Nani kasema?"

Bawabu alishangaa kidogo, si kwa hasira, ni kwa kuwa hakuwa amelifikiria. "Kibao."

"Na kibao kimeambiwa na nani?"

"Mimi nimekikuta. Nina miaka sita hapa. Aliyekuwapo kabla yangu naye alikikuta." Akaivuta kofia. "Mzee, mimi kama mimi ningekuruhusu. Lakini nikiruhusu mmoja kinyume cha kibao, kesho nitawajibu nini wengine?"

Kwa miaka thelathini na moja Marufuku naye alifikiri hivyohivyo. Akarudi nyuma hatua tano, pale mafundi wa vibao husimama kupima kazi. Akaitazama ile kazi si kama mtu wa kutii, ila kama fundi. Akaona herufi ni pana mno. Aliona mstari wa tatu, NJE YA SAA HIZO NI MARUFUKU, na akajiuliza kama kweli aliambiwa auandike, maana ulinuka mkono wake. Kisha akamwona muuguzi, amekaa robo nzima ya ubao na kidole chake mdomoni, na akakumbuka. Kulikuwa na sentensi nyingine.

Alizunguka kwa mwashi hadi karakanani? La. Alifika mdomoni mwa kichochoro akakuta miguu imeshaingia, na kibao cha barafu kikabaki nyuma kikisema peke yake.

Karakanani alikuwa na madaftari. Kila karatasi ya mteja aliigandisha kwa gundi, kwa mwaka na mwezi, kwa sababu fundi wake alimwambia asitupe karatasi ya mteja, na yeye hakuwahi kutupa. Alipekua daftari la mwaka ule mpaka akaipata, yenye muhuri wa hospitali na mwandiko ulionyooka wa metroni wa zamani, mkuu wa wauguzi: *Saa za kuona wagonjwa ni saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Mgonjwa anayekwenda kupasuliwa aonwe na mtu wake mmoja, wakati wowote kabla ya kuingizwa.*

Basi. Neno marufuku halimo. Muuguzi hayumo. Vyote viwili alivitia yeye, kimoja kwa mazoea na kingine kwa mapenzi, na sentensi ya pili ikakosa nafasi. Akakumbuka hata alivyojiambia siku ile: Jumatatu nitawatengenezea kibao kidogo cha nyongeza. Jumatatu metroni alihamishwa, na mwingine akaja akakikuta.

Aliona haya. Miaka kumi na tisa! Alimkumbuka mzee mmoja aliyemwona zamani nje ya lango lile, amekaa juu ya jiwe asubuhi na mapema, chupa ya chai mapajani, anauliza kila anayepita kama hakuna njia ya kuingia, kwa kuwa mwanawe yuko ndani anapasuliwa. Na ni nani aliyemjibu? Ni Marufuku, aliyekuwa anapita kumtazama muuguzi wake. "Mzee wangu, kibao kimesema." Alimjibu kwa upole, na akajiona mtu mwema. Mganga hajigangi, wamesema, ila hawakusema afanyeje akigundua kwamba ugonjwa ameuleta yeye.

Saa moja na nusu alikuwa tena langoni, karatasi mkononi.

Bawabu aliisoma mpaka muhuri. Alikuwa mtu wa haki. "Ni kweli imeandikwa," alisema. "Lakini hii ni karatasi, mzee. Mimi nafuata kibao."

Mtu mwingine angemtukana. Marufuku alimwelewa sana, tena alimwelewa kuliko alivyopenda. Akasema asante, akageuka, akaichukua ngazi aliyokuwa ameiegemeza ukutani pamoja na sanduku la brashi. Hakuja mikono mitupu. Alimjua mtu anayefuata vibao kama anavyojijua.

"Sasa unafanya nini?" bawabu akauliza.

"Kazi."

"Umetumwa?"

Marufuku hajawahi kusema uongo kwa mtu mwenye kofia, na hakuanza siku hiyo. "Nimetumwa na metroni. Karatasi umeishika. Nimechelewa kidogo tu."

Bawabu akaitazama tena karatasi, muhuri, ngazi, ovaroli yenye rangi za miaka. Huyu si mtu anayetaka kuingia. Huyu ni fundi. "Kama ni kazi, fanya," alisema. "Ngoja nikushikie ngazi, hapo pana kokoto."

Juu ya ngazi palikuwa na neno la mwisho la kuamua, na hilo halikuhusu bawabu. Nafasi ilikuwa pale pale alipokaa muuguzi. Angeweza kuibana sentensi chini ya kidevu, kwa herufi ndogo ndogo, uso ukapona. Lakini herufi ndogo hakuna anayezitii, hilo analijua kila fundi, na nani atazisoma kutoka kwenye jiwe lile? Alimtazama mkewe wa miaka kumi na tisa iliyopita, kijana, mzuri, kimya. Halafu akamfikiria yule aliye ndani, asiye na pete, amelala kama alivyoambiwa.

"Samahani, mama watoto," alisema, akachovya brashi.

Maneno yaliyopita usoni aliyaandika kwa rangi nyeupe, yaliyopita kwenye sare kwa nyeusi. MGONJWA WA KUPASULIWA yakafunika kidole na mdomo. AONWE NA MTU WAKE MMOJA yakakaa kifuani. WAKATI WOWOTE KABLA YA KUINGIZWA yakamzunguka kiunoni kama mkanda. Juu ya yote yakabaki macho mawili na kofia ya uuguzi, vinachungulia. Kabla hajashuka alichukua kitambaa na kipande cha msasa, akaufuta mstari wa tatu, ule wa marufuku, mpaka mbao zikaonekana. 

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Bawabu aliiachia ngazi, akasoma kibao kipya kwa kidole hewani, midomo ikicheza, mstari kwa mstari. Alipomaliza alimgeukia Marufuku kwa ukali.

"Mzee! Wewe si ulisema una mgonjwa wa kupasuliwa?"

"Ninaye."

"Sasa unangoja nini huku nje? Ingia! Huoni kibao?"

Mlangoni mwa wodi palikuwa na kibao kingine, NAWA MIKONO, ambacho hakukiandika yeye. Akakiangalia. "Nani kasema?" alimuuliza muuguzi aliyekuwa hapo, muuguzi wa kweli, asiye na kidole mdomoni. "Mimi," akajibu. "Una rangi mpaka kwenye viwiko, baba, na mgonjwa wako anakwenda kufunguliwa tumbo." Hiyo ilikuwa sababu. Marufuku alinawa mara mbili, kisha akanawa na ya tatu kwa hiari yake.

Mkewe alikuwa kitanda cha mwisho, mdogo kuliko alivyomzoea. Alipomwona alimshika mkono wenye maji na hakuuachia.

"Nilidhani hutakuja. Saa zao si jioni?"

"Ni za jioni."

"Umeingiaje?"

Akamweleza. Alimweleza kichochoro, daftari, ngazi, na alipofika kwenye picha akainamisha kichwa. "Nimekufuta mdomo, mama watoto. Mdomo na kidole. Macho nimeacha."

 Tumbo la mkewe likaanza kucheza kwa kicheko. "Usinichekeshe, we baba, naumwa! Eti wewe? Umekwangua kibao? Wewe?" Machozi yakamtiririka, na Marufuku hakujua ni ya kicheko au ya nini, kwa sababu ya kwake nayo yalikuwa yameshaanza. Muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu.

"Haya, mama, twende. Lala chali."

"Nani kasema?" akauliza mgonjwa.

Marufuku alishusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu alfajiri.

Mkewe alitoka salama. Siku ya tano waliruhusiwa, na daktari akakataza kutembea mwendo mrefu kwa majuma matatu, akaeleza kwa nini, kwa hiyo mama akatii. Walipofika mdomoni mwa kichochoro, yeye ndiye aliyesimama, mkono begani kwa mumewe, akakitazama kile kibao cha barafu kwa macho ya unyenyekevu wa kuigiza.

"Kimeandikwa, baba watoto. Tuzunguke?"

 Marufuku alikinyanyua kibao kwa mkono mmoja, akakitia kwapani, na mkono mwingine akamshika mkewe mpaka nyumbani kwa hatua mia.

Upande wa nyuma wa ubao ule ulikuwa mtupu. Juma lililofuata mkewe alikaa tena kwenye stuli, mto tumboni, akiongea bila kituo: kuhusu uji wa hospitali, kuhusu daktari, kuhusu majirani, kuhusu mgongo wa stuli ambao haupo. Marufuku alimchora hivyohivyo, mdomo wazi, mikono miwili hewani, bila neno lolote chini. Akakitundika juu ya mlango wa karakana. Watu wa mtaa walisimama mbele yake wakijikuna, wakatafuta maandishi hata nyuma, wakauliza kibao hiki kinakataza nini.

Mkewe mwenyewe alikuja kukikagua, akaenda hatua tano nyuma kama fundi, akashika kiuno.

"Mdomo wote huo? Nani kasema?"

"Nimeupima," akasema Marufuku.